Mvinyo wa Dodoma: niendelee kufungasha mwenyewe au nirudi kuuza mchuzi?

Mama Zabibu Hombolo

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wanaoijua kazi hii, maana nimefika njia panda.

Nina ekari moja na nusu ya zabibu hapa Hombolo. Kwa miaka sita nilikuwa navuna, nakamua, naweka mchuzi (maji ya zabibu yaliyokamuliwa, yanayochachuka kuwa mvinyo) kwenye simtanki, halafu nasubiri mnunuzi. Kusubiri ndiko kulikonichosha. Msimu mmoja mnunuzi alikuja miezi miwili baada ya siku tuliyoahidiana, akanusa tanki, akasema unaelekea kuwa siki, akashusha bei hadi nusu. Nilikubali. Mavuno mengine yalikuwa yanakaribia na tanki la pili sikuwa nalo. Mzabibu wa Dodoma hauna baridi kali ya kuulaza, ukipogoa unachipua tena, kwa hiyo tunavuna mwezi wa pili na wa tatu, kisha tena wa nane na wa tisa. Ni baraka, lakini kama huna pa kuweka mchuzi, baraka hiyo hiyo inakusukuma kuuza kwa hasara.

Mwaka jana nikasema basi, nafungasha mwenyewe. Chupa 300. Nilipowaonjesha kina mama wa kikundi changu na vijana wa maofisini mjini, wote walisema ni mkavu mno, weka sukari. Nikaweka kilo 7 kwenye lita 225, nikakoroga, nikagonga vizibo, nikazipanga kwenye chumba cha nyuma kilichoezekwa bati. Usiku wa kumi na mbili tangu nizifunge nikasikia mlio. Nilidhani paka ameangusha sufuria. Kufungua mlango, sakafu imelowa, vizibo vimetapakaa, chupa moja imepasuka na vipande vyake vimechana lebo za chupa za jirani. Asubuhi nilihesabu 118 zimepotea. Zilizobaki nilizifungua moja moja huku nimejifunga kanga usoni kwa kuogopa vioo.

Sikulala vizuri kwa wiki nzima. Sasa naomba kujua, kosa lilikuwa wapi? Na mtu mdogo kama mimi, habari za TBS (Shirika la Viwango) na stempu za kodi anaanzia wapi? Au nirudi tu kwenye mchuzi?

Fundi wa Pishi

Pole sana dada. Ushukuru Mungu hukuwa ndani ya chumba kile.

Kosa ni sukari kukutana na hamira iliyo hai. Mvinyo ukionekana umetulia haina maana hamira imekufa, imekosa chakula tu. Wewe ukailisha, ukaifungia, na joto la bati likaichangamsha. Piga hesabu: kilo 7 kwa lita 225 ni kama gramu 31 kwa lita. Wanaotengeneza shampeni huongeza kama gramu 24 kwa lita kwa makusudi ili wapate gesi, na chupa yao ni nene na kizibo kimefungwa kwa waya. Chupa ya kawaida haiwezi.

Ukitaka mtamu, acha uchachuke uishe kabisa. Haidromita, kile kipimo cha kujua sukari iliyobaki, ikuonyeshe namba ile ile kwa siku kadhaa mfululizo, usikadirie kwa macho. Hamisha mvinyo uache machicha chini, rudia mpaka uwe mwangavu. Ndipo utie potasiamu sobeti pamoja na salfaiti, kwa vipimo, halafu sukari. Sobeti haiui hamira, inaizuia kuzaana, ndiyo maana kwenye mvinyo wenye machicha haisaidii. Na usiiweke bila salfaiti, kuna bakteria wanaoigeuza ikatoa harufu mbaya ya majani ambayo haiondoki tena. Kisha kaa na chupa kumi mahali penye joto kwa mwezi mzima kabla ya kufunga zote.

Suala la siki ni hewa. Simtanki likibaki nusu, ile nusu tupu ndiyo adui. Hamishia kwenye vyombo vidogo vijae hadi shingoni.

Mdau wa Area C

Mama, usirudi nyuma. Soko lipo. Tangu serikali ihamie huku mji umejaa watu, na treni ya SGR ilipoanza kufika mwaka 2024 wageni wa siku mbili wameongezeka. Mgeni anataka kubeba kitu cha Dodoma. Angalia pia divai ya misa: kanisa linataka ya zabibu tupu isiyochanganywa, kwa hiyo hapo mkavu wako usio na sukari ndio sifa.

Kwa makaratasi, anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani. Watakuelekeza na kukupa barua ya kwenda nayo TBS kama mjasiriamali mdogo. Usalama wa chakula na vinywaji nao ulihamia TBS mwaka 2019, kwa hiyo usizunguke kwingine. TRA, mamlaka ya mapato, ndio wenye stempu za kielektroniki, kila chupa na yake. Usiuze hata moja bila stempu, wakikukamata hasara itazidi ile ya vizibo.

Mzee wa Mpunguzi

Mwanangu, kwa nini uchague kimoja? Zabibu za masika zina maji mengi, sukari haipandi, na magonjwa ya ukungu yanazikimbilia. Hizo ndizo uuze mchuzi, tena mapema. Za mwezi wa nane zimepigwa jua, hazijanyeshewa, sukari imepanda. Hizo ndizo ufungashe. Mimi nilichelewa kulijua hili miaka mingi.

Na chupa msinunue mmoja mmoja. Sisi tuko saba, tunachanga tunaagiza mzigo mmoja, na haidromita ni moja inazunguka.

Mama Zabibu Hombolo

Mzee wangu, shikamoo, na asante. Sikuwahi kufikiria kutenganisha misimu, nilikuwa naona zabibu ni zabibu. Fundi, machicha sikuyahamisha hata mara moja, nilichota tu juu. Sasa nimeelewa.

Nitafanya hivi: za masika zote mchuzi, za kiangazi nianze na chupa 100 tu, sitini kavu na arobaini tamu kwa vipimo vya Fundi. Jumatatu naenda SIDO. Mzee, nitakuja Mpunguzi niione hiyo haidromita inavyosomwa.

Kuna dumu moja la lita 20 ambalo sikulitia sukari, nililisahau chini ya kitanda. Nimelifungua leo baada ya kusoma majibu yenu. Jekundu, limetulia, halina harufu ya siki hata kidogo. Mdau wa Area C, unamjua paroko yeyote ninayeweza kumpelekea aonje?