Naomba ushauri: kengele mia mbili, chanzo kimoja

Wandugu, niko Lubumbashi, zamu ya usiku kwenye chumba cha kusimamia mtandao wa simu. Juzi umeme ulikatika Katuba, jenereta ya mnara mmoja ikaishiwa mazuti (dizeli). Mnara huo ndio unaopitisha mawasiliano ya mingine sita, basi skrini ikajaa kengele nyekundu, yaani tahadhari za hitilafu, zaidi ya mia mbili. Nikamtuma fundi mnara usio wenyewe. Aibu yangu.

Programu yetu haijui mnara upi unategemea upi; orodha iko kwenye Excel ya fundi aliyeshaondoka. Nataka tuunganishe orodha hiyo na programu, kengele zijipange chini ya chanzo chake. Patron anauliza: "Italeta faranga ngapi?" Nimhesabie dakika za kukatika, au mazuti ya safari za bure? Mliowashawishi wakubwa wenu, mlianzia wapi?