Feni kwenye banda la farasi: za nyumbani zinafaa? Na zifungwe wapi?

MlinziWaZizi:
Wakuu, habari za leo. Banda lina vizimba sita, kila kimoja mita 3.6 kwa 3.6, safu mbili zinazotazamana na njia katikati. Paa ni la bati. Kuanzia saa sita mchana farasi wanalowa jasho wakiwa wamesimama tu, na wanahema haraka. Mpango ni feni moja kwa kila kizimba. Zile za kusimama za nyumbani zinafaa? Zikae upande gani? Na zinaweza kuachwa usiku kucha?

FundiMota:
Za nyumbani usifunge kabisa, mkuu. Mota yake ina matundu wazi, na hewa ya bandani imejaa vumbi la maranda, nywele na vipande vya majani makavu. Vumbi hilo linaingia kwenye beringi, linachanganyika na mafuta na kuganda, shafti inakuwa nzito. Mota ikizidiwa inachemka. Watu wengi hudhani breka (swichi ya kinga kwenye boksi la umeme) itakata, lakini mota ya wati 50 au 60 hata ikikwama haivuti umeme wa kutosha kukatisha breka ya ampea 16. Inaendelea kuchemka kimya kimya mpaka plastiki ishike moto, na chini yake kuna maranda makavu. Farasi aliyefungiwa hana pa kukimbilia.

Tafuta feni yenye mota iliyozibwa pande zote, kibao chake kisome IP55 au zaidi. Tano ya kwanza ni kinga ya vumbi, ya pili ni kinga ya maji. Iwe pia na swichi ya ndani inayokata yenyewe mota ikipata joto kupita kiasi.

Ekstensheni ziondoe kwenye mpango. Ikiachwa imeviringishwa huku imebeba feni kadhaa, waya wenyewe unapata moto, na panya na farasi wanatafuna. Fundi avute waya wa kudumu ndani ya bomba, na popote mdomo wa farasi unapofika bomba liwe la chuma. Feni sita za wati 200 ni wati 1,200, yaani ampea tano na kidogo kwenye volti 230. Waya wa milimita za mraba 2.5 unabeba bila shida, ila banda likiwa mbali na mita ya umeme panda hadi waya mnene zaidi, kwa sababu volti zikishuka njiani mota inahangaika na kuchemka. Ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) ni lazima, pamoja na kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30. Farasi mwenye viatu vya chuma, kwenye sakafu iliyolowa mkojo, yuko hatarini kuliko wewe uliyevaa buti za mpira.

TabibuWaMifugo:
Naongezea upande wa mnyama. Feni haipozi hewa, inaisogeza tu. Farasi anapoa jasho linapokauka mwilini, kwa hiyo hewa ikiwa na joto la nyuzi 35 na kuendelea, kumpulizia farasi mkavu hakumsaidii sana. Mlowanishe kwanza shingo, kifua, mbavu na katikati ya mapaja, halafu msimamishe mbele ya feni. Maji ya baridi hayamdhuru. Akianza kukauka, mwagia tena.

Pima, usikisie. Akiwa ametulia anahema mara 8 hadi 16 kwa dakika, na joto la mwili ni nyuzi 37.5 hadi 38.5. Akihema kwa kasi, pua zimetanuka, ngozi kavu huku wenzake wanatoka jasho, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kuna farasi wanaopoteza uwezo wa kutoa jasho, na hao feni peke yake haiwatoshi. Maji ya kunywa yawepo muda wote. Farasi wa kilo 500 hunywa lita 25 hata 50 kwa siku, na kwenye joto kali huzidi hapo.

MlinziWaZizi:
Asanteni sana. Na zile feni zinazorusha ukungu wa maji?

TabibuWaMifugo:
Hewa ikiwa kavu zinasaidia. Penye unyevunyevu ziache: jasho halikauki, matandiko yanalowa, harufu kali ya mkojo inapanda na kuwasha mapafu. Bora ndoo na sifongo.

FundiMota:
Kuhusu mahali: funga upande wa njia, nje ya kizimba, ukingo wa chini wa feni uwe mita 2.4 au zaidi kutoka sakafuni. Iinamishe ilenge bega na mgongo, isilenge sakafu, la sivyo inamrushia farasi vumbi puani. Ipulize kuelekea dirisha la nje ili hewa ya moto itoke. Ukifunga upande wa madirisha, safu mbili zitapuliziana na joto litabaki katikati. Acha nusu ya kizimba bila upepo ili farasi achague.

Kabla ya kununua chochote, angalia paa. Kama kofia ya paa imezibwa na juu ya kuta hakuna mwanya, feni zitakoroga tu joto la bati. Fungua hapo kwanza.

Usiku, acha zikiwaka zile tu zenye mota iliyozibwa, na weka taima izime hewa ikipoa. Kila wiki kata umeme kwenye swichi kuu, piga brashi wavu na panga, futa mwili wa mota. Zungusha panga kwa mkono: likisita au kukwaruza, beringi imekwisha. Likizunguka vizuri kwa mkono lakini ukiwasha inavuma tu bila kuzunguka, zima papo hapo, mara nyingi ni kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka.