Pensheni tatu za Uingereza na mie nishahamia Wete: nizikusanye?

Baba Nassor (Wete)
Asalam alaykum jamaa. Nimerudi Pemba kwa kukaa, sina nia ya kuvuka tena. Kule nilifanya usafi wa ofisi usiku, ghala la vyakula, mwisho nyumba ya wazee. Kote nikikatwa pensheni na wala siulizi. Ya usafi ina pauni 640, ya ghala 3,100 na kitu. Ya nyumba ya wazee sijui hata kiasi, barua zilikuwa zikenda chumba nilichopanga zamani, Mungu ajuaye nani anazifungua. Umri wangu 57.

Kuna kijana kanipata kwa WhatsApp, asema atazikusanya ziwe moja kisha anitumie kwa simu, yeye achukue asilimia 15. Na mie nna paa la kuezeka. Mwanambiaje? Na jengine linanikera: pesa hizo zimekaa kwenye riba miaka yote hiyo?

Mkaazi Leicester
Wa alaykum salaam ami. Huyo kijana mfungie mlango! Serikali ya Uingereza ina huduma ya kutafuta pensheni zilizopotea, bure kabisa. Unaandika jina la mwajiri, wanakupa anwani ya mfuko. Kama mna pesa zako humo hawakwambii, unauuliza mfuko wenyewe kwa nambari yako ya Bima ya Taifa (National Insurance). Nambari hiyo imo kwenye hati yoyote ya mshahara.

Tena kukusanya si lazima. Mfuko usiopita pauni 10,000 unaweza kuuchukua wote mara moja ukishafika 55 (kuanzia Aprili 2028 itakuwa 57), mradi taratibu zao zinaruhusu. Robo haina kodi. Iliyobaki hukatwa asilimia 20 hapo hapo. Kama una pasi ya Uingereza na kipato chako cha huko kwa mwaka hakifiki pauni 12,570, unadai urejeshewe kodi hiyo kwa fomu yao ya P53.

Dada wa Mkunazini
Akaunti yako ya benki ya huko ingali hai? Mifuko mingine hailipi nje. Mie nilimshughulikia mama yangu mdogo, fomu zilikuwa nyepesi, kilichotutesa ni majina. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Mfuko mmoja ulimsajili kwa jina la babu, mwengine kwa la baba, na kila mmoja ukashikilia kwamba mtu huyo hayumo. Ukiwaandikia, taja majina yote matatu, na yapange kila namna.

Mwalimu Mstaafu (Chake)
Kuhusu riba, mie si sheikh, nakueleza pesa zilivyokaa. Tangu 2012 waajiri walianza kulazimishwa kuwaingiza wafanyakazi kwenye pensheni bila ya kungoja waombe, na asiyechagua huwekwa kwenye mchanganyiko wa hisa na hati fungani (yaani mikopo kwa serikali na makampuni). Hati fungani ndiyo yenye riba. NEST, kwa mfano, mfuko wa pensheni ulioanzishwa na serikali yao, wana fungu la kisharia, ila hupelekwi mpaka useme. Michango yenyewe ni mshahara wako na nyongeza ya mwajiri. Linalobaki kumuuliza sheikh ni faida iliyozaliwa humo.

Sasa nikuulize mie. Nyumba ya wazee ilikuwa ya mtu binafsi au ya halmashauri?

Baba Nassor (Wete)
Ya halmashauri, maalim. Miaka minne.

Mwalimu Mstaafu (Chake)
Basi hiyo usiihamishe popote, wala usiichanganye na hizo mbili. Pensheni ya halmashauri si fungu la pesa. Hupimwa kwa mshahara na miaka uliyofanya kazi, hulipwa kila mwezi mpaka unakufa, na hupanda na bei za vitu hata ukiwa Pemba. Miaka miwili tu yatosha kuipata. Waandikie wakupe makisio, na ubadilishe anwani leo leo. Paa liezeke kwa ya ghala.

Baba Nassor (Wete)
Na yule kijana kashapiga tena. Eti ndiyo hiyo ya halmashauri anayotaka kuanza nayo.