Naomba msaada: "lambast" ni kukosoa tu au ni kutukana?

Kuli wa Kamusi:
Wakuu, heshima yenu. Nipo mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha. Kiingereza najifunzia ukubwani, kwa magazeti na kamusi. Juzi mgeni alilalamika maji ya moto hayatoki. Alisema vizuri tu, huku anatabasamu. Kwenye ripoti ya zamu nikaandika "The guest lambasted me", nikijua nimepamba. Meneja kusoma tu, huyo mbio chumbani kwa mgeni kumuuliza nilimkosea nini hadi anishukie hivyo. Mgeni wa watu akabaki mdomo wazi. Jumatatu nimeitwa kujieleza. Hili neno lina uzito gani hasa?

Mzee wa Zamu:
Pole mkuu, ila nimecheka. Hapo ungeweka "complained", imeisha hiyo.

Shangazi wa Sarufi:
Mdogo wangu, hilo ni neno la kipigo. "Lam" ni kuchapa, na "baste" nayo ni kuchapa. Karne ya 17 lilikuwa na maana ya kumtwanga mtu hasa. Kumtwanga kwa maneno kulikuja baadaye. Utalikuta limeandikwa na e mwishoni au bila e, yote sawa.

Ukifokewa ana kwa ana, tena kwa kirefu, hiyo ni "berate". Matusi na dharau vikitawala, ni "revile". "Excoriate" ndiyo usiiguse kabisa: asili yake ya Kilatini ni kuchuna ngozi. Na usije ukaitafsiri neno kwa neno, maana kwetu kumchuna mtu ni kula hela zake 😂

Boda Msomi:
Mimi iliniumbua "slam". Nilisoma kichwa cha habari kuwa waziri "slams contractors", nikawahadithia wenzangu kijiweni kwamba waziri kawabamizia mlango makandarasi. Hadi leo wananiita Mlango.

Shangazi wa Sarufi:
@Boda Msomi hapo "slam" ni kukosoa vikali, si kubamiza mlango. Wahariri wanalipenda kwa sababu ni fupi, linaenea kwenye kichwa cha habari. Kwenye ripoti ya kazini liache.

Kuli wa Kamusi:
Shangazi, kwa hiyo kwenye lambast lazima kuwe na tusi?

Shangazi wa Sarufi:
Hapana. Tusi linaweza kuwepo au lisiwepo, ila ukali lazima. Pima hivi: kama kwa Kiswahili usingesema "alinichamba" au "alinitolea uvivu", basi lambast si lako. Jumatatu usijitetee sana. Mwambie meneja neno lilikuzidi kimo, umpe ripoti mpya: "The guest politely complained about the hot water". Hiyo "politely" ndiyo itakayokuokoa.

Kuli wa Kamusi:
Asante sana Shangazi, nimeinakili kama ilivyo.

Mzee wa Zamu:
Na maji ya moto yanatoka sasa?

Kuli wa Kamusi:
Bado mkuu. Chumba kina mgeni mwingine tangu jana, na huyu hatabasamu.