Mrejesho: lenzi ya 50mm f/1.8 kwenye kamera ya sensa ndogo

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama Canon 50mm f/1.8 STM itanifaa kwenye kamera yangu ya Canon 200D, au nibaki na lenzi ya 18-55mm (ya kuvuta, toka pana hadi karibu) iliyokuja na kamera. Wengi mlisema chukua, mmoja akanionya kuhusu vyumba vidogo. Nimeichukua, mtumba, Kariakoo.

Yule mmoja alikuwa sahihi. Kwa sensa yetu hii ndogo (kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga wa picha) unazidisha mara 1.6, kwa hiyo 50mm inaona kama 80mm kwenye sensa kubwa, yaani eneo linaloingia kwenye picha ni dogo zaidi. Jumamosi kwenye ubarikio wa mpwa wangu, sebuleni kwa dada, nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga friji, na bado shangazi wa pembeni kakatwa bega. Picha ya familia nikarudisha 18-55.

Ila sura ya mtu mmoja, loo! Mpwa kakaa karibu na dirisha, taa zimezimwa, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 400 tu, pazia la nyuma limeyeyuka kama uji. Angalizo: kwenye f/1.8, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, jicho linakuwa kali, sikio limefifia; wakiwa wawili nalibana kidogo, napeleka f/2.8. Pia haina kituliza mtikisiko, shata (muda wa kupokea mwanga) ikiwa ya polepole kuliko 1/100 ya sekunde mkono wangu unanisaliti.

Siiuzi. Ya ndani sasa nawinda lenzi ya 24mm f/2.8 inayoona pana zaidi, ile nyembamba kama chapati. Mwenye nayo aseme bei.