Naombeni ushauri: mbwa wangu anapata kiwewe fashifashi zikianza, na mwaka mpya ndio huo unakuja

BintiChumbageni:
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga mjini, Chumbageni. Nina mbwa dume wa miaka minne, anaitwa Bosi. Mpole kabisa, watoto wa jirani wanamvuta masikio na hata hanuni. Ila mkesha wa mwaka mpya akili inamruka.

Mwaka jana tulimfunga mnyororo kwenye mwembe wa uani kama kawaida yetu. Ilipogonga saa sita usiku, fashifashi juu, vijana mtaani wanachoma matairi na kugonga madebe, alijivuta mpaka mkanda wa shingoni ukakatika, akaruka ukuta. Tulimpata siku ya tatu huko Raskazone. Kucha mbili za mbele zimeng'oka, mkia umebanwa tumboni, namwita jina lake ananitazama kama hanijui. Sitaki yale yajirudie.

Naishi na mama, mtu wa swala tano, na mbwa haingii ndani. Nyumba ni yake, nami naheshimu hilo, kwa hiyo naomba njia isiyomkwaza. Zimebaki wiki mbili. Kuna muuza duka kaniambia nimpe nusu kidonge cha usingizi, hivi vyetu vya binadamu. Ni salama?

MzeeWaMakorora:
Pole sana, mwanangu. Anza na mnyororo, huo usiuguse tena siku hiyo. Mbwa mwenye hofu anataka kukimbia, ukimfunga hofu inapanda mara mbili, na akiruka ukuta huku kafungwa anajinyonga. Kumbuka pia sikio lake si kama letu. Sisi mwisho wetu ni mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, yeye anafika hadi 45,000 hivi. Na mlio wa mbali ambao wewe huusikii kabisa, yeye kausikia.

Hapo uani hamna stoo?

BintiChumbageni:
Ipo, baba. Tunaweka mkaa na vifuu.

MzeeWaMakorora:
Basi umeshapata. Toa mkaa, tandika magunia, dirisha litundikie blanketi zito. Mzoeshe kuanzia kesho: ale humo, alale humo mchana, mlango wazi. Ukimsukumia humo usiku wa mkesha bila mazoea ataona jela.

Kaskazini_Boy:
Mimi naona mnamdekeza. Ukimbembeleza mbwa mwoga unamfundisha woga. Mwache azoee.

MtaalamuMifugo_Muheza:
Kaka, hilo wengi wanaliamini na si kweli. Woga si tabia ya kutafuta zawadi. Akikusogelea, mkalie karibu, mpapase taratibu, sema naye kwa sauti yako ya kila siku. Ukimwacha "azoee", mara nyingi mwaka unaofuata anakuwa na hali mbaya zaidi. Kuzoesha kupo, lakini ni kumsikilizisha milio iliyorekodiwa, sauti ya chini sana, unapandisha kidogo kidogo kwa wiki nyingi huku anakula kitu anachokipenda. Dada, hilo lianze Januari, kwa sasa muda umebana.

Kidonge cha dukani USIMPE. Dozi inapimwa kwa uzito wake na afya yake. Tena zipo dawa zinazolegeza mwili tu: unamwona katulia, kumbe hofu yote iko palepale na miguu haimbebi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii. Akikuandikia dawa, muulize kama mnaweza kuijaribu kabla ya mkesha, mwone inavyomkaa. Ukiwa huko hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa iko hai, maana mbwa aliyepotea na kuogopa anaweza kung'ata mtu.

Na wenye paka mnaosoma hapa: panadol ni sumu kwa paka. Kidonge kimoja kinaweza kumuua. Nimeshazika wa watu.

Mama_Paka_Ngamiani:
Asante kwa hilo la panadol, sikulijua. Mimi wangu nawaingiza kabla ya magharibi, madirisha nafunga, boksi naliweka chini ya kitanda. Akishajificha simvuti. Mwaka mmoja nilimvuta nikiona namsaidia, akanichana mkono, akapanda darini akakaa siku mbili.

Mdogo wangu, usisahau joto. Kaskazi hii na stoo imefungwa, mbwa atachemka. Weka feni, na maji kwenye chombo kizito asichoweza kukipindua. Redio iwashe mapema, kabla hata baruti ya kwanza. Mtembeze alasiri, akojoe, achoke. Namba yako ya simu iandike kwa wino usiofutika kwenye mkanda wake.

BintiChumbageni:
MREJESHO, 1 Januari. Wakuu, nawashukuru kutoka moyoni. Daktari alimpima na kumwandikia dawa, tukaijaribu tarehe 28, ikamkaa vizuri. Jana alasiri nilimtembeza mpaka ufukweni, saa kumi na mbili akaingia stoo mwenyewe. Nilikaa naye kwenye ndoo iliyopinduliwa, redio inapiga taarabu. Mlio mkubwa wa kwanza alitetemeka, akasukuma kichwa chini ya khanga yangu, akabaki hapo. Mate yalimtoka, alihema, lakini mlango hakuugusa.

Saa saba kasoro nikasikia hodi. Ni mama, kasimama nje ya kizingiti na bakuli la maji ya baridi. "Mpe," kasema, "feni peke yake haitoshi."