Kung'oa visiki na kamasine kadogo mu mawe ya Goma: nichukue ya kusaga ao gode ya visiki?

Mwana_Keshero
Bandugu mambo, niko na swali na musinicheke. Mujomba wangu alileta kamasine kadogo ka matairi, ile aina watu wote wanaita Bobcat ata kama jina yake ni ingine, sasa amenipa kazi ya kusafisha parsele moja upande wa Mugunga juu anataka kujenga depo. Kuko visiki 14 vya mukaliptusi, 2 vya avoka, na kimoja cha grevilea kinene karibu na ukuta wa jirani. Miti yenyewe walishaikataka zamani wakauza mbao, visiki njo vimebaki na vinatosha majani mapya kama vile vinatutukana.

Wiki yenye imepita nilijaribu na gode ya kawaida, ile ndoo ya chuma ya mbele tunabebeaka muchanga. Nikaingiza meno chini ya kisiki, nikavuta juu, kisiki ata kutikisika apana, matairi ya nyuma njo ilipanda, mimi ndani tumbo ikanikauka. Mara ya tatu sudire (pale chuma kimeunganishwa na moto) ya kona ya gode ikapasuka. Mujomba hajajua bado.

Ku intaneti naona kuna chombo cha kusaga, gurudumu lenye meno, kuna gode refu nyembamba, kuna na ile ya kushika kama mikono ya kaa. Muuzaji mumoja ananiambia nichukue ya kusaga, eti kisiki dakika kumi kimeisha. Ni kweli? Na masine yetu itaiweza?

Shofere_Mazutu
Kwanza piga mujomba simu umwambie, gode iliyopasuka haifichiki.

Ile ya matairi ya nyuma kupanda usiizoee. Kwa masine ya matairi, uzito wenye wanaandika kwamba inaruhusiwa kubeba ni nusu ya ule wenye unaipindua. Sasa nyuma ikishapanda, wewe umeshafika mara mbili ya ruhusa, na kisiki si mufuko wa simenti wenye unaweza kuachilia, kiko kimefungwa chini, masine njo inakuja kwake.

Kuhusu ya kusaga, usitoe ata dola moja mbele ya kujua masine yenu inasukuma mafuta litre ngapi kwa dakika. Nguvu za farasi za mota zisikudanganye, chombo kinazungushwa na mafuta ya idroliki. Ile litre kwa dakika njo tunaita debi. Masine nyingi za debi ya kawaida ziko kati ya litre 60 na 90 kwa dakika, zile za debi kubwa zinapita 110 na zingine zinafika 150. Ukifunga chombo cha debi kubwa ku masine ya debi ndogo, kinazunguka, kinagusa kuni, kinasimama. Unarudisha, unangoja kichukue mbio, unagusa, kinasimama tena. Mazutu (dizeli) inaisha, mafuta ya idroliki inachemka, na wewe uko paka ku kisiki cha kwanza. Ziko zenye walitengeneza kwa debi ya kawaida, lakini hiyo dakika kumi umwachie mwenyewe muuzaji.

Kisha angalia mupira wa tatu wa kupitisha mafuta. Mota ya chombo cha kusaga mara nyingi inaomba kamupira kadogo ka kurudisha ku tanki mafuta yenye inapenya ndani ya mota. Mimi nikiwa kijana nilifunga ile miwili minene, ya tatu nikaona haina pa kuchomekwa, nikaziba na buloni. Haikumaliza ata saa moja, joint ya ekseli ya mota, ile inazuia mafuta isitoke, ikaruka na mafuta ikanyeshea kioo chote. Patron wa wakati ule alinikata mushahara miezi miwili.

Fundi_wa_Ndosho
Muzee Shofere anasema kweli lakini anasahau tuko Goma. Huku udongo ni kidogo na chini ni lava, muzizi ukishuka unakutana na jiwe, basi unatembea pembeni, unashika mawe na kukua umeyakumbatia. Nilisagaka kisiki cha mukaliptusi mu parsele moja Katindo, juu kuni safi kabisa, vumbi yake inatoka kama unga, nikashuka kidogo tu, paa! Jiwe kama kichwa ya mbuzi, kuni imelimeza pande zote, ungelionea wapi. Meno matatu yakaenda, moja likakatika pamoja na kiti chake. Kipande kikaruka juu ya ukuta kikatoboa bati ya jikoni ya jirani, mwenye jikoni alikuwa ametoka kuteka maji. Ile meno ni ya kabidi, kuni inakata kama sabuni, jiwe apana, na kupata ingine ilibidi tuagize Kampala tungoje. Kama mutu anasaga, watu wote waondoke kabisa, si kusimama kando kupiga picha, na mulango wa kabini uwe na kioo kigumu, wavu tu haitoshi.

Mimi ningechukua gode ya visiki. Iko refu, karibu mita moja na zaidi, inapunguka mbele kama ulimi, na pembeni iko na misumeno ya kukatia mizizi. Haina mota, haiombi mafuta ya ziada, unaifunga ku plaki ya mbele, pale vyombo vinashikwa, basi. Unaanzia mbali na kisiki, nusu mita hivi, unaichoma kwa kuinamisha, unakata muzizi, unarudi, unahamia upande mwingine mpaka uzunguke. Kunyanyua usikimbilie. Siku kisiki kinaanza kucheza kama jino ya mutoto, njo unaingia chini yake na unakunja gode polepole, mikono ikiwa chini. Kukunja iko na nguvu kuliko kunyanyua, na masine haitaki kupanda nyuma. Gode ikiwa ndani ya ardhi usigeuze masine kushoto na kulia, utapinda plaki. Na zile pini mbili za plaki, shuka uzione kwa macho zimetokea chini, usiamini mulio.

Walikosea wenye walikata miti chini kabisa. Wangeacha shina ya mita moja ao moja na nusu, ungesukuma pale juu na kisiki kingelala na mizizi yake.

Mwana_Keshero
Asante muzee. Eee walikata chini chini, hakuna pa kusukuma. Na zile mikono ya kaa?

Fundi_wa_Ndosho
Hiyo ni ya miti midogo, ya unene wa mukono ao muguu, inashika inavuta. Kisiki cha mukaliptusi itakichuna maganda tu.

Mama_Depo
Naona wanaume munaongea masine paka masine. Mimi nilijenga depo, nikuambie mwanangu. Pale chini ya simenti kusaga hakukusaidii ata kama meno ni ya dhahabu, juu inasaga kichwa ya kisiki na mizizi minene inabaki chini. Ile mizizi inaoza, inaacha nafasi, na pave (sakafu ya simenti) inashuka. Kwangu ilishuka miaka mitatu kisha kujenga, kona moja, magunia ya maharagi yakalalia upande, tulivunja simenti yote tukakuta shimo na kuni nyeusi laini kama mukate. Kusaga ni kwa lupango (kiwanja) yenye unataka tu watu wasijikwae. Pa kujenga mutoshe yote, na shimo muirudishie mawe na muchanga kwa tabaka na kushindilia kila tabaka, si kusukumia takataka na maganda ya kuni ndani.

Halafu mbona mukodishe vyombo kwa visiki vyote? Hapa Goma kuni ni pesa. Niliita vijana wa makala, nikawaambia kisiki ni chao wakichimba mpaka mizizi. Walikuja na shoka na mutarimbo, siku tano wakatosha tisa, wakabeba na chukudu, ile kinga ya mbao ya kusukuma, sikulipa kitu. Vile vinene vitatu njo nilitafutia masine.

Shofere_Mazutu
Mama anatuharibia soko 😂 lakini ana haki. Ila vijana hao uwaonyeshe mbele pa fosi septike (shimo ya choo) na tuyo (mabomba) za maji.

Wa_Kadutu
Hujambo, mimi niko Bukavu, niongeze ya kwetu. Kama parsele yenu ni ya kulala sawa, mungoe. Huku kwetu mu mulima mutu aking'oa visiki vyote mwezi wa kumi, mvua zenyewe zinampa jibu, udongo unashuka na jirani wa chini anakutafuta. Pa muteremko tunaacha mizizi ndani, tunasaga kichwa tu ao tunachonga karibu na ardhi, na mukaliptusi ikirudia kuota tunavunja machipukizi kila mara mpaka inachoka. Na shofere mwenye anapandisha hizi masine mu mulima bila muzigo apande kinyumenyume, upande muzito ukae juu. Bila muzigo uzito uko nyuma kwa mota. Nilishaona moja imelala chali juu ya kusahau hiyo.

Ile grevilea ya karibu na ukuta ningeiogopa. Muzizi ukiwa umepita chini ya msingi wa jirani, ukivuta na gode utavuta na ukuta wake.

Mwana_Keshero
Bandugu nimerudi kuwapa habari. Mujomba nilimwambia, alikasirika siku moja, sasa tunaongea. Vijana wa makala walitosha visiki kumi, mama Mungu akubariki, mitaa yote ilijua kuko kuni za bure. Kwa vile vingine sudere (fundi wa kuunganisha chuma) mumoja wa Himbi alitutengenezea gode na lame (kisu) ya greda ya zamani, si ya kupendeza macho lakini inakata. Kisiki cha kwanza kilinikula asubuhi nzima juu nilikuwa nanyanyua mbele ya kumaliza kuzunguka, cha pili saa moja na nusu. Avoka zilitoka kama mihogo. Ndani ya kimoja tulikuta mawe mawili na kipande ya chupa, nikafikiri meno ya Fundi.

Grevilea tumeiacha. Jirani mwenyewe alikuja akasimama pale ku ukuta bila kusema kitu, na mimi nikazima masine. Tutakata ile mizizi ya upande wetu na mukono, polepole. Muzee Fundi, hiyo mizizi ya upande wa ukuta niikate mbali kiasi gani na musingi? Na kama kuko mutu ana musumeno wa kuni wa kukodisha upande wa Keshero anijibu hapa.